Kufuli janja za stoo: zinakwambia mlango uko wazi, ila sio zote zinasema kweli

Naongelea zile kufuli za kielektroniki za kufungia stoo, makabati na droo, ambazo mtu akiondoka bila kufunga zinakutumia ujumbe kwenye simu. Ninayotumia iko kwenye stoo tunayoingia watu kibao, kila mtu na namba yake ya siri. Zamani ilikuwa ni yaleyale kila siku, nani katoka wa mwisho, huyu anasema nilifunga, yule anasema mi nilikuta wazi, basi mnabaki mnatazamana. Saa hizi mnafungua apu tu, iko pale saa na dakika, namba ya nani ndo iliingia na mlango umekaa wazi muda gani. Kwa hilo peke yake naipa nyota 4, na ya tano ntawaambia imeenda wapi.

Kwanza kabisa, kabla hujatoa hela, ujue kuna kufuli zinakwambia stoo imefungwa na mlango uko wazi kabisa. Si utani. Nyingi zina sensa moja tu, ile inayoangalia kama komeo limetoka au limerudi ndani, basi. Sasa chukulia umeweka ijifunge yenyewe baada ya sekunde 30, mtu katoka na boksi mikono yote miwili, mlango kauacha, zile sekunde zinaisha komeo linatoka linaning'inia hewani, apu inakuwekea alama ya kijani na we unaendelea na maisha yako. Kufuli ya maana ina sensa ya pili ya mlango wenyewe, kile kisumaku kinachobandikwa kwenye mlango na mwenzake kwenye fremu, vikiachana tu inajua mlango umefunguka. Kupima ni rahisi: acha mlango wazi, funga komeo kwa kutumia apu, halafu soma simu inasemaje. Ikikwambia kila kitu kiko salama achana nayo, hata iwe nzuri vipi kwa macho.

Hicho kisumaku nacho kina mambo yake. Mlango wetu ni wa chuma, na chuma kinaivuruga sumaku, fundi alibandika moja kwa moja juu ya bati halafu akaacha nafasi kubwa kidogo, basi upepo ukiutikisa mlango tu simu inalia, saa nane za usiku simu inalia. Dawa yake ilikuwa kuweka kipande cha plastiki chini ya sumaku kuitenganisha na chuma na kuisogeza karibu na mwenzake. Kelele zikaisha.

La pili ni ujumbe unafikaje. Zile za Bluetooth peke yake zinaongea na simu iliyo karibu, mita chache hivi, kwa hiyo ukishaondoka eneo lile haikwambii chochote, na we ulichonunua ni kuambiwa ukiwa mbali, sasa faida iko wapi? Unahitaji ama iwe na waifai yake au uweke kile kiboksi cha kati kinachopokea kutoka kwenye kufuli na kupeleka kwenye intaneti. Yenye waifai ndani inamaliza betri haraka, ya kiboksi inadumu zaidi ila kiboksi lazima kiwe na umeme muda wote. Na kama stoo yako ni kontena, kuta za chuma zinaziba mawimbi, kajaribu palepale kwenye mlango kabla hujatoboa matundu.

Betri usiweke za kuchaji kama kitabu chake hakijaruhusu. Zile za kawaida zina volti 1.5, za kuchaji nyingi ni 1.2, kwa hiyo kufuli inakadiria vibaya chaji iliyobaki, inakwambia bado ipo halafu ghafla kimya. Angalia pia kama ina tundu la ufunguo wa kawaida, au vile vichuma viwili vya nje unavyogusisha betri ya volti 9 kuiamsha ikifa. Isiyo na hata kimoja siigusi. Na kama ni stoo ambayo mtu anaingia mzima mzima, ifunguke kwa ndani kwa mkono bila umeme wala namba, hapo hamna kubembelezana.

Usalama wake nao tusidanganyane. Mwaka 2018 watafiti wa Pen Test Partners, kampuni ya kupima usalama wa vifaa na mifumo, walionyesha kufuli ya Tapplock inafunguliwa na simu isiyohusika ndani ya sekunde 2, kwa sababu siri yake ilitengenezwa kutokana na anwani ya Bluetooth ambayo kufuli yenyewe inaitangaza hewani kwa kila mtu. Ndo maana naangalia kama kampuni bado inatoa maboresho ya programu, na ile namba kuu inayokuja nayo kutoka kiwandani inabadilishwa siku hiyohiyo inapofungwa. Mtu akiacha kazi namba yake inafutwa, dakika moja tu, sio mpaka ubadilishe kitasa kizima.

Mipangilio ya ujumbe ndo wengi wanaiharibu. Ukiruhusu ikuambie kila mlango unapofunguliwa, baada ya muda utazima sauti, na ukishazima umebaki na kufuli ya bei mbaya tu. Mi nimeweka iseme mlango ukikaa wazi zaidi ya dakika 5, na ikifika 15 hakuna aliyefunga ujumbe unaenda na kwa mtu wa pili anayekuwa karibu na stoo.

Na hapa ndo ilipoenda ile nyota ya tano. Kufuli inaweza kufunga komeo ikiamriwa ukiwa mbali, ila kuuvuta mlango haiwezi, kwa hiyo ujumbe unakuja, unaona kabisa stoo iko wazi, halafu unaanza kupiga simu kutafuta mtu wa kwenda kusukuma. Wauzaji hilo hawalitaji kabisa. Sisi tuliishia kufunga springi ya kuurudisha mlango, kitu cha kizamani kisicho na apu wala betri, na siku hizi ujumbe mwingi ninaopata kutoka kwa hiyo kufuli ni wa betri kuisha.