Roshani ya wageni katika Baraza la Malodi, London

Mwaka 2023 nilikwenda Westminster kusikiliza kikao cha Baraza la Malodi, yaani baraza la juu la Bunge la Uingereza, na kwa upande wa huduma sina ila sifa. Kiingilio ni bure, na baada ya kupekuliwa mlangoni kama kwenye uwanja wa ndege, mgeni hupita katika Ukumbi wa Westminster, wenye paa la mbao la karne ya 14, ndipo apandishwe kwenye roshani. Kutoka juu huonekana mabenchi mekundu, kiti cha enzi chenye nakshi za dhahabu, na lile tandiko kubwa lililojazwa sufu ambalo Spika huketi juu yake.

Kilichonipeleka hasa ni wajumbe walioingia kwa cheo cha kurithi. Sheria ya mwaka 1999 iliwaondoa wengi wao na kubakiza nafasi 92. Nafasi ilipoachwa wazi, mrithi mwingine alichaguliwa, mara nyingi na warithi wenzake wachache wa chama chake. Mwaka 2016 Viscount Thurso alirejea barazani kwa kura 3 za wapiga kura 3, ilhali wagombea walikuwa 7.

Tatizo lilikuwa kwamba ukiwa juu pale hukuweza kuwatambua kwa macho, bali ilikubidi utege sikio. Aliyeitwa Lord huenda aliteuliwa kwa muda wa uhai wake tu, chini ya sheria ya mwaka 1958, au huenda alirithi. Lakini ulipomsikia Earl au Viscount, vyeo vilivyo juu ya Baron, basi karibu kila mara huyo alikuwa mrithi, kwa kuwa wanaoteuliwa siku hizi hupewa daraja la Baron. Mzee mmoja aliyetajwa kwa cheo cha Earl alisimama, akauliza kwa ufupi kuhusu majitaka yanayomwagwa mitoni, na ilikuwa dhahiri kwamba jambo hilo analifahamu vizuri. Ujuzi wake niliuheshimu, na bado niliumia moyoni, kwa sababu hapakuwa na mwananchi hata mmoja awezaye kumnyima kura, na dada yake, kama anaye, asingeweza kuketi pale, kwani vyeo vingi hurithiwa na wana wa kiume peke yao. Tangu Countess of Mar, mwanamke wa mwisho kati yao, astaafu mwaka 2020, warithi wote waliokuwamo walikuwa wanaume. Ndiyo maana niliufurahia mswada uliowasilishwa Septemba 2024 wa kuwaondolea warithi haki ya kuketi na kupiga kura: sheria zinazowabana watu wote hazifai kupigiwa kura na mtu kwa sababu tu ya baba aliyemzaa.

Anayetaka kwenda ajitahidi kuwahi maswali ya mwanzo wa kikao, maana ndiyo yenye uhai zaidi, na apitie majina na vyeo vya wajumbe kabla ya kufika, kwa kuwa akishaketi roshanini simu hairuhusiwi kutumika.