Seti ya relei kwa taa za H4 za gari la zamani: inafaa, ila kagua shaba yake

Gari la zamani likianza kumulika kama kibatari, wengi hukimbilia balbu kali zaidi. Mara nyingi balbu haina kosa. Umeme ndio haufiki. Katika magari mengi ya zamani, mkondo wote wa taa hupita kwenye swichi iliyochakaa, kisha kwenye waya mrefu mwembamba. Balbu ya H4, yaani ya halojeni yenye fuli (mwanga wa mbali) na dimu (mwanga wa karibu) ndani yake, ya wati 60/55 hutoa lumeni (kipimo cha mwanga) 1000 hivi kwenye dimu ikipata volti 13.2. Ikipungukiwa asilimia 10 tu ya volti hizo, mwanga hushuka kwa karibu asilimia 30. Ukifunga relei, yaani swichi inayowashwa kwa mkondo mdogo, swichi ya gari hubaki kutoa amri, na umeme wa balbu hutoka betri moja kwa moja.

Pima kabla ya kununua. Injini ikinguruma na dimu ikiwaka, weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, nyingine nyuma ya soketi kwenye pini ya dimu. Namba inayotokea ndiyo volti zinazopotea njiani. Rudia upande wa hasi. Jumla ikizidi nusu volti, seti inafaa. Lakini kama sahani ya ndani ya taa, inayorudisha mwanga mbele, imebanduka rangi ya fedha, waya haisaidii kitu; badilisha taa nzima.

Seti nyingi zina relei mbili, ya dimu na ya fuli, soketi mbili mpya na plagi inayoingia kwenye soketi ya zamani ya upande mmoja. Hukati waya hata mmoja wa gari, na hilo ndilo zuri lake kubwa. Soketi ya pili ya zamani hubaki bila kazi. Ifunge isiingie maji.

Udhaifu uko kwenye seti za bei ya chini. Waya huonekana mnene, kumbe unene ni plastiki. Kata ncha uitazame: ikiwa nyeupe katikati, ni alumini iliyopakwa shaba, irudishe dukani. Waya wa kwenda kwenye balbu uwe wa milimita mraba 2.5. Fyuzi nayo mara nyingi huwekwa mbali, karibu na relei, ilhali inapaswa kuwa shubiri moja tu kutoka betri. Kipande cha kabla ya fyuzi kikichubuka na kugusa bodi, ni moto. Fuli mbili hula ampea 10 hivi, kwa hiyo fyuzi ya 15 inatosha.

Waya wa hasi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, kisha upake grisi. Ukiuacha juu ya rangi, taa zitakuwa hafifu vilevile.

Mtego mkubwa ni magari ambayo swichi yake hukata upande wa hasi. Ya Kijapani ya zamani yapo mengi ya namna hiyo. Pini ya pamoja ya soketi, ile inayotumiwa na dimu na fuli zote, ikionyesha chanya badala ya hasi, seti ya kawaida haitaitikia. Tafuta iliyotengenezwa kwa mfumo huo.

Soketi za kauri ni bora kuliko za plastiki, ila zisikushawishi kuweka balbu za wati 100/90: joto lake huunguza sahani ya taa. Balbu za LED ndani ya taa ya halojeni nazo hutawanya mwanga na kupofusha wanaokuja mbele.

Ukimaliza, egesha mita 10 kutoka ukutani, mahali tambarare, tairi zikiwa na upepo sawa. Ukingo wa juu wa dimu ushuke sentimita 10 chini ya usawa wa katikati ya taa.