Karatasi ya kupangia mipira ya pool: miezi minne kwenye meza zangu za Kihonda

Kwanza nieleze nilivyokosea. Niliona picha kwenye simu: kipande cha plastiki, chembamba kama filamu ya eksirei, chenye matundu kumi na matano. Kila mpira unakaa kwenye tundu lake na yote inagusana, ile fremu ya pembetatu ya kupangia huihitaji tena. Nikatuma shilingi 18,000, na elfu tano ya kuipakia basi kutoka Dar. Ilipofika nikaitandika mezani, nikapanga, mipira ikakaa kama abiria wasiojuana kwenye benchi la stendi, kila mmoja na nafasi yake. Nilikuwa nimetumiwa ya mipira mikubwa ya Kimarekani, milimita 57. Mipira yangu ni ile ya nyekundu na njano, inchi mbili, yaani karibu milimita 51. Muuzaji hakuuliza, nami sikujua kama kuna la kuuliza. Alinibadilishia, lakini nauli ya kurudisha ilitoka mfukoni mwangu. Kama unataka kununua, chukua rula upime mpira wako kwanza.

Nina meza mbili za sarafu hapa Kihonda, Morogoro, barazani kwenye baa ya shemeji yangu. Ni zile za futi saba, ambazo mpira ukiingia shimoni umemezwa hadi mchezo uishe, isipokuwa mweupe. Huo ni mdogo kidogo kuliko wenzake, ndiyo maana njia ya ndani ya meza inautambua na kukurudishia. Mchezo mmoja shilingi 500. Utaratibu ni ule wa kila baraza: mshindi anabaki, anayeingia analipa na kupanga mipira, kisha mshindi anafungua, yaani anapiga mpigo wa kwanza wa kulipasua rundo.

Sasa tazama hilo. Mipira ikipasuka vizuri, anayeumia ni yuleyule aliyeipanga. Fisi kakabidhiwa bucha. Nimekaa na meza hizi mwaka wa sita na mbinu zao nazijua kwa majina ya wenyewe, ila majina siyaandiki. Iliyozoeleka ni ya kidole gumba: anaisukuma mipira yote mbele, imebana kabisa, unaona kwa macho yako, halafu wakati wa kuinua pembetatu anairudisha nyuma kidogo sana. Mpira wa mbele unabaki peke yake, na nyuma yake pana uwazi ambao hata unywele haupiti kirahisi. Unatosha. Mfunguaji anapiga kwa nguvu zake zote, ule wa mbele unapoteza mwendo kabla haujawafikia wenzake, na rundo linafunguka upande mmoja tu kama mlango uliokwama. Nyingine ni kupindisha pembetatu nzima kidogo, isiangalie sawa na meza, ili mipira ya pembeni iende kwenye ukingo badala ya kwenda shimoni. Kuna dereva wa Noah mmoja, mtu mzima na heshima zake, ambaye kila akiinua pembetatu lazima awe anasimulia kitu. Unamtazama usoni kumsikiliza, mikono inafanya yake. Nilimvumilia sana kwa sababu hadithi zenyewe ni nzuri.

Ila karatasi hii imenifanya niwaombe radhi wengine moyoni. Wiki ya kwanza niligundua kwamba hata mimi mwenyewe nikipanga kwa pembetatu, kwa nia safi kabisa, mipira haibani. Pale unapokaa mpira wa mbele kitambaa kilikuwa kimebonyea. Kila mpigo wa kufungua unaukandamiza mpira ule chini, na watu walikuwa na mazoea ya kuugonga kwa juu na ule mweupe ili utulie, jambo ambalo linazidi kuchimba. Kwa hiyo mpira ulikuwa unatumbukia kwenye kishimo chake na kuwaacha wenzake. Pembetatu nayo ilikuwa na ufa kwenye kona, nimeufunga kwa selotepu tangu sijui lini. Nikaazima pima maji kwa fundi wa tofali jirani, nikakuta meza ya kwanza imelalia upande wa choo. Ugomvi wa miaka mitatu, na nusu yake mkosaji alikuwa mguu wa meza.

Inavyofanya kazi, haina ufundi. Unaitandaza, unapima isimame sawa (nimechora vistari viwili vya penseli kwenye kitambaa ili asiwepo wa kuipindisha), unaweka mipira, kila mmoja unazama kidogo kwenye tundu lake na kuvutwa kwa wenziwe. Matundu yamekaribiana kidogo tu kuliko upana wa mpira, siri yote iko hapo. Nyeusi inakaa katikati, juu ya alama ya meza, kama sheria za blackball, huu mchezo wetu wa nyekundu na njano, zinavyotaka. Baada ya kufungua unaiondoa haraka. Mpira ukibaki juu yake unasubiri utoke wenyewe, na hapo ndipo kero ilipo: mpira unaokwenda taratibu ukikuta ukingo wa karatasi unayumba kidogo. Nimeona mtu akikosa mpira wa wazi kabisa kwa ajili hiyo, akaitupa karatasi chini na kuikanyaga. Ikapona.

"Pangua, panga tena" zimepungua mno. Zamani jioni moja ya Jumamosi nilikuwa naitwa mezani hata mara nne kuamua, mkono una sabuni ya vyombo. Sasa siku mbili zinapita sijaitwa. Kwa hilo peke yake naipa nyota nne.

Ya tano nimeizuia kwa sababu ya kijana wa bajaji.

Huyu hana maneno. Alitazama karatasi kwa siku mbili tatu bila kucheza. Siku ya nne akashinda mchezo, akabaki, na wakati wa kufungua hakuweka mweupe katikati kama wote. Akausogeza pembeni, karibu na ukingo, akalenga mpira wa safu ya pili badala ya ule wa mbele. Nyeusi ikatoka katikati ya rundo ikatembea kuelekea shimo la kati kama iliyoitwa. Ikakosa kidogo. Mchezo uliofuata vilevile, ikaingia. Kwa sheria yetu ya baraza, ukiingiza nyeusi kwenye kufungua umeshinda papo hapo. Michezo sita alifungua jioni ile, mbili ziliisha kwa mpigo mmoja, na mwenye 500 yake hakugusa hata stiki. Watu wakaanza kupiga kelele kwamba kafanya uchawi, wengine kwamba karatasi ni ya kwake na kwamba mimi na yeye tumekula njama. Nikamwita pembeni. Akaniambia kwa adabu zote, "Shikamoo mama. Mimi sijaiba. Mipira si inapangwa na karatasi yako?"

Marahaba, na alikuwa sahihi. Mipira ikibana sawasawa kila mara, inakwenda palepale kila mara, na mwenye macho anaisoma. Ilipokuwa imelegea ilikuwa bahati nasibu, inamwonea huyu leo na yule kesho. Sasa bahati imeondoka na aliyebaki ni anayejua. Je, ni haki? Mimi nasema ndiyo, maana karatasi ni ileile kwa wote na hakuna aliyemkataza mwingine kutazama. Mwenye kosa ilikuwa sheria yetu, si yeye. Kwenye blackball ya mashindano nyeusi ikiingia kwenye kufungua haimpi mtu ushindi, mipira inapangwa upya na mchezaji yuleyule anafungua tena. Na ili ufunguaji uwe halali ama mpira uingie, ama angalau miwili ivuke mstari wa katikati ya meza, kutoka shimo la kati hadi la kati. Nimeandika yote mawili ukutani kwa chaki. Dereva wa Noah alipinga kwa dakika kumi nzima, akasema tunaharibu mchezo wa wazee.

Wala si Kihonda tu. Mwaka 2001 Mmarekani Corey Deuel alichukua US Open ya mipira tisa kwa kufungua kwa mpigo laini wakati wenzake wanapiga kama wanavunja mlango, na fainali akamfunga Mika Immonen 11 kwa 0. Hakuvunja sheria yoyote. Walichofanya waandaaji miaka iliyofuata ni kubadilisha masharti: kwenye mashindano mengi ikatakiwa mipira mitatu iwe imeingia au imevuka mstari wa upande wa mfunguaji, kwingine wakasogeza mipira mbele ili namba 9 ya katikati ya rundo ndiyo ikae juu ya alama badala ya namba 1 ya mbele, kwa sababu ule wa pembeni ulikuwa unaingia shimo la kona kama umelipiwa. Nilipowasomea vijana habari hii kijana wa bajaji alitabasamu kwa mara ya kwanza.

Uimara wake ni wa wastani. Bia imemwagika juu yake, nikaifuta kwa kitambaa chenye maji, hakuna kitu. Sigara iliitoboa kwenye kona, tundu la kumi na moja, sasa mpira huo unacheza kidogo na nimeuwekea macho. Ukiiacha juani inajikunja kama chapati, ilaze chini ya kitabu usiku kucha. Na ifunge kwa uzi kwenye mguu wa meza, kwani ni nyepesi mno: hii yangu iliwahi kuondoka kwenye mfuko wa shati la mtu na sikuiona tena kwa siku tano. Ilirudishwa chini ya mlango, bila barua.

Kwa hizo siku tano nilijaribu kujitengenezea. Nilikuwa na picha ya eksirei ya goti langu la kushoto tangu nilipoanguka na pikipiki, nikapima matundu kwa bikari ya mtoto na kukata kwa mkasi wa kucha. Usifanye. Kosa la upana wa uzi kwenye tundu moja linajilimbikiza hadi safu ya mwisho, na mpira wa pembeni ulikuwa umesimama peke yake kama mimi siku ya mahari. Wateja waliliangalia sana lile goti, ila kucheza walikataa.

Nimeagiza nyingine kwa ajili ya meza ya pili. Safari hii kwenye ujumbe nimeandika MILIMITA 51 kwa herufi kubwa, na chini yake nikabandika picha ya mpira wangu ukiwa kando ya rula.