Ngalawa ya kwanza kwa fedha ndogo: ununue au uunde?

Kijana aliyechoka kuvua kwa fungu katika chombo cha mwenzake hutamani ngalawa mpya, iliyochongwa kwa ajili yake tangu gogo. Akiwa na fedha ndogo, ushauri wetu ni mwengine: anunue mtumbwi uliokwishatumika lakini mzima, kisha aunde upya vilivyo juu yake, yaani mirengu (miti miwili inayokingama juu ya mtumbwi), matengo (mbao zilizofungwa kwenye ncha za mirengu, kila upande moja, ili chombo kisipinduke), tanga na kamba. Mtumbwi ukioza kitako hauna dawa rahisi. Hivyo vyengine hubadilishwa pale pale pwani, kimoja kimoja, kadiri fedha inavyopatikana.

Ngalawa mpya ina uzuri wake, hilo halikataliwi. Unaujua mti, unamjua fundi, na umbo linafuata kazi yako. Kwa watu wawili wanaovua kwa mshipi ndani ya mwamba, mita tano zinatosha. Watu watatu wenye nyavu wanahitaji sita au zaidi. Tatizo ni gogo. Linatakiwa refu, lililonyooka na lisilo na pango ndani, na kulikata kunahitaji kibali cha idara ya misitu. Ngalawa nyingi ni za mwembe kwa sababu mwembe unapatikana na unachongeka, ila haudumu kama mvule: mvua na wadudu huuingia mapema. Mvule kwa fedha ndogo usahau.

Gogo huchongwa likiwa bichi, maana likikauka tezo haliingii vizuri. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Mnunuzi ana haraka, fundi anataka malipo yake, mtumbwi unaachwa juani ukakauka upesi, na nyufa zinaanzia kwenye ncha mbili, pale mti hukauka haraka kuliko katikati. Mtumbwi mpya ukae kivulini, ufunikwe makuti, ncha zake zipakwe mafuta, na ukauke polepole. Fundi anayekuahidi kuushusha majini wiki moja baada ya kuchonga anakuuzia ufa. Muulize pia unene: kitako kisipungue sentimita nne, ubavu karibu tatu. Aliye mwangalifu hutoboa vitundu vidogo kwa keekee ili aupime unene anapochonga, kisha huvipigia vigingi vya mti. Anayekisia kwa jicho tu huenda akapitiliza, na pahala palipopitilizwa hapaonekani mpaka siku utakapoburuza juu ya matumbawe.

Ukiagiza mpya hivyo hivyo, mwandikiane nani ananunua mti, misumari, pamba na mafuta, na ulipe kwa hatua tatu: gogo likifika, mtumbwi ukimalizika kuchongwa, na ngalawa ikishaelea na matengo yake. Ukilipa yote mwanzo, utangoja zamu nyuma ya kila mtu.

Sasa mtumbwi wa mkono wa pili, ambao ndio tunaoupendekeza. Nenda kuutazama maji yakiwa yamepwa, mchana, ukiwa na kisu chembamba na watu wa kukusaidia kuupindua. Muuzaji akikataa usipinduliwe, rudi nyumbani.

Anza na kitako. Kwangua deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu inayopakwa kitakoni, pahala pane au patano, khasa mstari wa katikati na pale mtumbwi unapokalia mchanga. Unatafuta vitundu vidogo kama vya pini. Mdudu wa baharini anayekula mbao huingia akiwa mchanga sana, kwa hiyo mlango wake ni mdogo. Ndani anakua, na njia yake inapanuka mpaka kutosha kidole. Kitundu kimoja kwa nje kinaweza kuwa na pango la shubiri nzima kwa ndani. Chomeka kisu: kikizama bila kupingwa, hapo hakuna mbao tena. Gonga kwa konde kuanzia omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma. Mbao nzima hulia kavu, iliyoliwa hulia kama debe tupu.

Kisha angalia ndani. Watu huogopa maji ya chumvi, na kumbe kinachoozesha mtumbwi ni maji ya mvua. Ngalawa iliyoachwa wazi masika nzima, ikajaa maji matamu na majani, huoza kitako kwa ndani huku nje ikipendeza. Bonyeza kwa kisu chini ya mirengu na chini ya kikao cha mlingoti, pahala ambapo unyevu haukauki.

Viraka si aibu. Kiraka cha mbao kilichokatwa vizuri, kikatiwa pamba na kupigiliwa misumari iliyopakwa zinki, kinaweza kuishi kuliko mtumbwi wenyewe. Ogopa kiraka cha bati juu ya lami: bati linaficha, na lami inashikilia unyevu ndani. Ogopa pia michirizi myekundu ya kutu chini ya vichwa vya misumari, kwa sababu msumari ukila kutu tundu lake linapanuka na mbao inaanza kucheza.

Usihukumu uvujaji kwa dakika kumi. Mtumbwi uliokaa pwani muda mrefu umesinyaa, na ukiushusha utavuja kwenye maungio ya mbao za ubavuni zilizoongezwa juu. Uache majini usiku kucha. Mbao zikivimba, maungio hujifunga, na yanayobaki kuvuja yanatengenezwa kwa kalafati: pamba iliyoloweshwa mafuta, isukumwe kwa patasi butu tabaka baada ya tabaka. Ukiukuta asubuhi unaendelea kuingiza maji kutoka kitakoni, bei yoyote ni kubwa.

Ukishaupata mzima, fedha iliyobaki ina kazi yake. Tanga lije mwanzo. Matanga yanayouzwa pamoja na ngalawa mara nyingi yamekufa: liinue juani utazame mwanga unapopenya, kisha vuta mshono kwa vidole viwili, uzi ukikatika, usilihesabu katika bei. Mirengu ni miwili, chagua miti isiyo na fundo kubwa katikati, ambapo ndipo inapovunjika. Ifungwe kwa kamba, isipigiliwe misumari, kwa sababu mawimbi yanaipinda kila saa, na msumari hauwezi kufuata mwendo huo. Utapasua ukingo wa mtumbwi. Kagua kamba hizo kila unaporudi pwani.

Matengo yawe sawa kwa kina na yaelekee mbele sambamba na mtumbwi. Likipinda moja kidogo tu, ngalawa itavuta upande huo na mshika usukani atachoka kabla ya kufika. Ngalawa ikitulia na mzigo wa kawaida, matengo yaguse maji kidogo. Yakizama mno, unaburuza mbao mbili. Yakining'inia juu mno, kila upepo ukigeuka utalala upande kabla tengo halijashika maji.

Mashine? Mtumbwi wa kuchonga haukuundwa kubeba uzito wa mashine tezi. Anayetaka mashine atafute boti ya faiba, na hayo ni matumizi mengine kabisa.

Matunzo yaingie katika hesabu tangu siku ya kununua. Subiri bamvua, maji yakijaa sana uipandishe juu, uikwangue, uiache ikauke, kisha upitishe moto wa makuti makavu chini ya kitako. Moto usisimame pahala pamoja: unataka kuua mdudu na kutoa unyevu, hutaki kuchoma mbao. Ikishapoa paka deheni mpaka kwenye kila ufa mdogo. Deheni ikianza kubanduka, rudia, usingoje.

Mauziano yafanyike mbele ya sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, kwa karatasi yenye majina, tarehe, bei na alama za chombo. Uliza kabla ya kutoa fedha kama kimesajiliwa na leseni yake ya uvuvi iko hai, na kama muuzaji ni mwenyewe peke yake. Baadhi ya ngalawa za Unguja na Pemba ni za urithi, na ndugu mmoja huuza wengine hawana habari. Warithi wote watie saini karatasi hiyo, pamoja na yule aliyeko Bara.