Miezi minane na Doepfer A-119: gitaa langu limezihama pedali

Nimengoja miezi minane ndo niandike, manake ala ya muziki huijui mpaka ikuzoee na we uizoee. Mi ni mpiga gitaa, wikendi niko hoteli za Nyali na Bamburi hapa Mombasa na bendi, katikati ya wiki narekodi chumbani kwangu Majengo, na pedali, vile visanduku vya kukanyaga kubadili sauti, nimekuwa nazo miaka, disto, korasi, dilei (ya mwangwi), wah, zote ziko kwenye ubao wake. Kwa kurekodi sasa hivi zimekaa kando. Gitaa linaingia kwenye moduli za sinthesaiza, yaani vipande vya ala ya kuunda sauti kwa umeme, kila kimoja na kazi yake, na mlango wake ni hii A-119.

Kwa asojua, Doepfer ni Wajerumani, wao ndo walioleta mfumo wa Eurorack miaka ya 1990. Kila moduli ina uso wa bati wenye urefu wa milimita 128.5, waifunga na skrubu kwenye raki, yala umeme wa volti 12 chanya na 12 hasi, halafu moduli zaunganishwa kwa vijiwaya vya jeki ndogo ya milimita 3.5. Gitaa likiingia humo peke yake halisikiki vizuri, pickup ya kawaida (kile kinasa sauti chini ya nyuzi) hutoa sehemu tu ya volti moja, na ndani ya Eurorack sauti yatembea kama volti 10 kutoka bonde hadi kilele. Ukichomeka hivyo hivyo ni kama mtu anaongea nyuma ya mlango uliofungwa. Kazi ya kwanza ya A-119 ni kuinyanyua hiyo sauti, una nobu ya kuongeza na kitaa cha kukuonya ukizidisha, na hapo sina mengi ya kusema, yafanya kazi vizuri. Mi huweka Boss TU-3, pedali ya kutyuni, mbele kwa sababu ina bafa, sakiti ya kuilinda sauti ndani ya waya, nyuzi nyembamba zisipoteze ule mlio wa juu njiani.

Kitu chenyewe ni envelopu folowa. Hii yasikiliza nguvu ya mkono wako na kuigeuza volti, ukigusa uzi taratibu yatoka volti ndogo, ukichapa yapanda, ukiuacha uzi ufe wenyewe yashuka nao. Hiyo volti waipeleka utakako. Ya kwangu niliipeleka kwanza kwa filta A-106-1, moduli ya kuchuja sauti, ile waliyoitengeneza kwa kufuata filta ya sinthesaiza ya Korg MS-20 (na MS-20 tangu 1978 ilikuwa na tundu la kuingiza sauti ya nje, kwa hivyo gitaa kupita ndani ya sinthesaiza si mambo ya jana). Najua kuna atakayesema oto-wah, pedali ya wah inayojiendesha yenyewe, hufanya hayo hayo, na ni kweli, lakini oto-wah imeifungia volti yake ndani, huwezi kuitoa ukaipeleka kwingine. Hapa nikaitoa, nikaipindua, nikaitia kwenye moduli inayopunguza na kuongeza dilei, sasa nikipiga kwa nguvu dilei yajificha na nikitulia yajaa chumba kizima. Hakuna kukanyaga kitu. Mkono wa kulia ndo unaoamua yote, na hilo kwa kweli limenibadilisha hata vile napiga, nimekuwa naskiza kidole changu.

Halafu kuna geti, ishara ya kuwasha na kuzima. Waweka kizingiti, uzi ukikikiuka geti yafunguka. Niliichomeka kwa A-140, moduli inayopanga vile sauti ipande na kushuka, nikaweka sauti ianze polepole, ikaongoza VCA (moduli ya kuongeza na kupunguza sauti kwa volti), yaani ule mgongano wa piki na uzi ukakatwa wote na noti ikawa yavimba kutoka kimya. Usiku ule nilicheza kipande cha taarab noti moja moja kwenye uzi wa pili, nikakaa kimya, manake ilikuwa fidla! Fidla kabisa, ile ya kuvuta kwa upinde, na mkononi nina gitaa. Mamangu alikuja mlangoni kuuliza nani amekuja na fidla saa hizo.

Lakini yataka mkono safi. Ukipiga kodi, noti kadhaa kwa pamoja, harakaharaka sauti haishuki chini ya kizingiti, geti yabaki wazi na hakuna noti mpya inayovimba, lazima uzizime nyuzi na kiganja kati ya noti na noti. Na nyuzi nene zafanya ile volti itetemeke, filta yakwaruza, dawa yake ni kuilainisha na moduli ya A-170 japo ukilainisha sana inachelewa kukufuata.

Kwa jukwaani sikushauri. Hotelini mgeni aomba wimbo wa bango, muziki wetu wa pwani, mwimbaji aanza bila kukutazama, huna nafasi ya kuchomoa waya kumi. Stima ikipotea pedali yenye betri ya volti 9 yaendelea, raki yote yanyamaza. Na pesa, moduli moja si ghali sana, ila moja peke yake haikufai, yataka raki, umeme wake, filta, VCA, vijiwaya, na ushuru wa bandarini, hesabu hayo yote kabla hujaagiza. Sauti ikitoka punguza kabla ya kuingia kwa ampu, ina nguvu mno. Waya bapa wa umeme nyuma, ule mstari mwekundu ni upande wa hasi 12, angalia mara mbili, rafiki yangu aligeuza akaskia harufu tu.

Hewa yetu ya chumvi nayo hula matundu ya jeki. Mi hufunika raki kwa leso kila usiku, na mpaka leo sijaona kutu.

Jumamosi mwenzangu wa Mji wa Kale analeta tashkota ya babake, ile ala ya nyuzi ya taarab yenye vibonye, ina pickup tayari, nataka nione ile geti itafanya nini na nyuzi zake.