Kamera za kukunja za mkanda wa 120: kagua mvukuto kwanza, lenzi baadaye

Malalamiko ninayopokea kuhusu kamera za kukunja, hizi zinazotumia mkanda mpana wa filamu uitwao 120, yanafanana karibu yote. Mtu kanunua Agfa Isolette mtandaoni, muuzaji kaandika "inafanya kazi vizuri", mkanda wa kwanza ukasafishwa, na kila picha ikatoka na doa jeupe la ukungu upande uleule. Msomaji mmoja wa Sakina, Arusha, aliniuliza kama mkanda wake uliungua njiani ulipokuwa posta. Haukuungua njiani. Uliungua ndani ya kamera, mwanga ulipenya kwa sababu ya mvukuto.

Mvukuto ni ile sehemu nyeusi yenye mikunjo iliyo kati ya lenzi na mwili wa kamera, inayofunguka na kujifunga kama kodiani. Kazi yake ni kuweka giza, basi. Kamera hizi nyingi zina umri wa miaka sabini hivi, na kila zilipofunguliwa na kufungwa zilikunjikia kwenye kona zilezile. Kona ndizo zinazotoboka. Tundu lenyewe laweza kuwa dogo kuliko ncha ya sindano, mchana hulioni, huku mnunuzi kakazana kusoma jina la lenzi na kuhesabu mikwaruzo.

Jaribio lake ni la usiku. Zima taa, fungua kamera kama unayetaka kupiga, fungua na mlango wa nyuma, kisha ingiza tochi ndogo ndani ya mvukuto na uizungushe taratibu huku ukiangalia kwa nje. Tochi ya simu inasaidia, ila ndogo inayoingia ndani kabisa ni bora, maana tundu lililojificha kwenye mkunjo halionekani mpaka mwanga uligonge moja kwa moja. Mvukuto mzima unabaki mweusi tii. Mbovu unakuonyesha vinyota kwenye kona. Kama unanunua kwa mtu wa mbali, mwombe video ya jaribio hili. Asipotaka kuituma, achana naye hata kama kamera inang'aa.

Kuna sababu ya kuhangaika hivi. Negativu ya sentimita 6 kwa 6 ina eneo zaidi ya mara tatu na nusu ya ile ya mkanda wa kawaida wa milimita 35, halafu kamera inayoitoa inaingia kwenye mfuko wa koti. Unabonyeza kitufe, mlango unashuka, lenzi inatoka na kusimama mahali pake kwa mlio mmoja wa chuma. Shata, yaani kile kipazia kinachofunguka na kufunga kuruhusu mwanga, imo ndani ya lenzi, kwa hiyo inalia kidogo sana na mkono hautikisiki. Unapata picha 12 kwa mkanda. Nikiwa Moshi alfajiri, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikiwa wazi kabla mawingu hayajapanda, napiga moja au mbili na kufunga, na kwenye negativu ile unaona mpaka wa theluji na mwamba ukiwa umekatika safi. Simu hainipi hilo, wala sitaki inipe.

Kwa kununua, mimi ni mtu wa Zeiss Ikon na sifichi. Chaguo langu la kwanza ni Nettar, 517/16 au 518/16, za mwishoni mwa miaka ya 1940 na miaka ya 1950. Mivukuto yao imedumu. Nilizozishika mimi nyingi bado hazipitishi mwanga, na hilo kwangu linamaliza nusu ya mjadala. Lenzi yake ni Novar ya vioo vitatu. Watu wanaidharau kwa sababu Ikonta, kamera nyingine ya Zeiss Ikon, inaweza kuja na Tessar ya vioo vinne, ule muundo wa mbunifu wa lenzi Paul Rudolph wa mwaka 1902, na ni kweli Tessar ni kali zaidi ukiifungua sana. Lakini sisi tunapigia jua la Arusha na Moshi! Ukiwa na mkanda wa ISO 100 (kipimo cha wepesi wake wa kunasa mwanga) saa sita mchana, unaweka f/16, yaani tundu dogo la lenzi, na shata ya sekunde 1/100, au 1/75 kama ndiyo iliyopo, na hapo Novar imeshatulia mpaka pembeni. Nettar haina kipima umbali, unakadiria kwa macho. Zeiss Ikon waliweka alama nyekundu kwenye pete ya umbali na nyingine kwenye pete ya f, kati ya 8 na 11. Ukizilinganisha zote mbili, kuanzia mita chache mbele yako hadi mlimani kila kitu kiko sawa, nawe unabaki na kazi ya kutazama tu. Mwenye fedha atafute Super Ikonta, yenye kipima umbali kilichounganishwa na lenzi.

Ya pili ni Voigtländer Perkeo. Ni ndogo kuliko zote hapa, mvukuto wake nao ni wa kuaminika, na ukiipata yenye Color-Skopar una lenzi bora kuliko Novar yangu, nakubali. Perkeo II inahesabu picha yenyewe na kusimama, na hapo ndipo penye kuharibika, kwa hiyo hakikisha kihesabuji kinatembea kabla hujalipa.

Moskva-5 ya Urusi, iliyotengenezwa kati ya 1956 na 1960 kwa kufuata Super Ikonta, ni ya kwako kama unataka negativu ya 6 kwa 9. Inakaribia kilo moja. Ibebe ukiwa na nia.

Isolette naiweka mwisho. Lenzi ya Solinar ni nzuri mno, ndiyo maana inauma. Lakini Agfa walitumia mivukuto ya kitu cha kiwandani badala ya ngozi, inayochakaa kwenye kona kuliko yote, na grisi yao imegeuka kijani na kuganda hadi pete ya umbali haizunguki. Ukiilazimisha, vioo viwili vinazunguka pamoja na picha haikai sawa tena. Ansco Speedex ni kamera hiyohiyo kwa jina la Marekani, usidanganyike. Kama tayari unayo, usimpelekee fundi viatu aweke kiraka cha ngozi, maana mlango hautafunga. Agiza mvukuto mpya.

Za bei ya chini kabisa, Kodak za mkanda wa 620: spuli yake, kile kigurudumu cha kuviringishia mkanda, ni tofauti, na Kodak waliacha kutengeneza mkanda huo mwaka 1995, itabidi uhamishe mkanda wa 120 kwenye spuli ya 620 gizani. Sizipendekezi.

Wauzaji nao wanachosha. Arusha kuna duka la vitu vya kale nililoingia, Isolette imeganda kabisa, mvukuto unaona mwanga hata bila tochi, na bei inatajwa kwa dola kwa sababu watalii wanainunua kama pambo. Hiyo ni kamera, mtu angeweza kuipigia harusi ya mdogo wake! Na wa mtandaoni wanaoandika "haijajaribiwa" wamejaribu sana, wamekuta mbovu.

Ukishaipata, fungua polepole, kwani ukiiachia ghafla hewa inauvuta mkanda mbele na unapinda. Zungusha mkanda baada ya kufungua, si kabla. Dirisha jekundu la nyuma lizibe kwa utepe mweusi, lifunue kivulini tu, maana mikanda ya leo inaiona rangi nyekundu. Na wakati wa masika usiiache kwenye kifuko cha ngozi: fangasi wa lenzi hawana dawa rahisi.

Mikanda ya 120 naagiza nje, na usafiri unaniuma kuliko mkanda wenyewe. Naandaa oda ya Fomapan na HP5 kabla ya mvua. Walioko Moshi na Arusha wanaotaka kuunganisha oda tugawane nauli, niandikieni mapema na mseme mnataka ISO ngapi.