Samoa na Samoa ya Marekani: kalenda ipi inafaa?

Kutoka Apia, mji mkuu wa Samoa, hadi Pago Pago katika Samoa ya Marekani hazifiki kilomita 150, lakini Apia iko mbele kwa siku nzima. Samoa ya Marekani ilibaki UTC-11, yaani saa 11 nyuma ya UTC, saa ya marejeo ya dunia. Kwa visiwa vilivyo chini ya Washington, hilo linaeleweka. Samoa nayo ilikuwa kwenye saa hiyo hiyo, na ikiumia: Apia ikiwa Ijumaa, New Zealand tayari ni Jumamosi, na Jumapili watu wa Apia wakiwa kanisani, Sydney ni Jumatatu na ofisi zimeshafunguliwa. Siku mbili za biashara zilipotea kila wiki! Mwaka 2011 ikairuka Ijumaa ya Desemba 30, ikahamia UTC+13. Naona ilichagua vyema.

Utaratibu wa Samoa wa kusogeza saa mbele msimu wa joto, ulioanza 2010, ulifutwa 2021. Sawa kabisa: karibu na ikweta mchana hauongezeki kiasi cha kuwasumbua watu.